Ramani Niliyomsomea Fundi

Machi 4

Mvua imeanza leo mchana, ghafla, bila hata wingu la kutoa taarifa. Nilikuwa nimeanika magauni mawili ya wateja. Nimekimbia kuyaanua, moja likawa limeshaloa.

Ninaandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu mbele kumejaa viuno na mabega ya watu. Sina wa kumwambia haya, na nikiyaweka kifuani yananiharibia mishono. Mume wangu amebadilika.

Machi 6

Umeme hakuna. Nimeshona kwa cherehani ya miguu. Magoti yanauma.

Machi 9

Mama muuza mkaa kaniambia leo: "Siku hizi mumeo amekuwa bwana mkubwa. Nimemsalimia mara mbili, ananipita kama nguzo."

Nikacheka, nikasema ana mawazo ya kazi. Lakini nimeyaona mwenyewe. Zamani alirudi giza limeshaingia, siku hizi saa kumi na moja yuko nyumbani, amekaa tu. Juzi alimwaga chai akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Jana alijikwaa kwenye kizingiti alichokijenga kwa mikono yake. Ukimuuliza, anafoka.

Watu wote wanamwita Fundi, nami pia. Magari ya dizeli yakichoka kupanda mlima huletwa kwake, kwenye gereji yake ya mabati, dakika kumi kutoka hapa kwa miguu. Kwa turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, hana mpinzani mji huu. Ndiyo maana inaniuma.

Alipolala nilimnusa pumzi. Hakuna kitu. Lakini wanasema kuna vinywaji visivyonuka.

Machi 13

Nilimpelekea chakula gereji nikamkuta na Mtindi. Mtindi ni rafiki yake tangu hawajaoa. Anabeba maziwa kutoka mlimani kwa pikapu, na jina hilo alilipata siku aliyokwama njiani hadi mzigo mzima ukaganda. Turbo yake imechakaa, na sasa ameweka tangi kubwa zaidi, anataka nguvu.

Fundi ana karatasi za turbo, kila moja ina mistari iliyopinda kama pateni zangu za kukatia nguo. Anaziita ramani. Kabla ya kuchagua turbo lazima apige hesabu, atie nukta kwa penseli, aikodolee macho. Leo aliishika karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

"Nimeona. Tutakuwekea hii kubwa."

"Wewe ndiye daktari," akasema Mtindi.

Karatasi ilikuwa juu chini. Namba zote zilisimama kwa vichwa vyao. Mtindi alikuwa anakunja mikono ya shati, hakuona. Mimi niliona, nikageuza uso. Amelewa mchana kweupe, nilijiambia. Nikaondoka na vyombo kabla havijaoshwa.

Machi 14

Mvua.

Machi 21

Turbo mpya imefungwa. Mtindi kapita hapa barabarani akipiga honi kama bwana harusi. Kwenye tambarare gari linakwenda kweli.

Machi 27

Mtindi amerudi gereji. Nilikuwepo.

"Fundi, nikiwa gia ya tatu kwenye mwinuko, tangi limejaa, gari linakohoa. Fu-fu-fu-fu, kama kuku aliyekabwa."

"Ni jipya. Litazoea."

"Nisiwe na wasiwasi?"

"Kanyaga zaidi. Usiliogope gari lako."

Mtindi akaridhika, au alijifanya. Mimi nilimwangalia mume wangu taya likicheza. Nilifikiri ni hasira.

Aprili 2

Mtindi kaja hapa nyumbani. Fundi alikuwa chumbani. Alisikia sauti, akanifanyia ishara: sema sipo.

Nikasema hayupo. Mtindi alikunywa maji yangu kwa kikombe changu, akasema, "Haya shemeji, mwambie kile kikohozi kimezidi." Akaenda. Nimemdanganya mtu akiwa na maji yangu mdomoni.

Aprili 8

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi mama muuza mkaa alikuja mbio: pikapu la Mtindi limeingia mtaroni kona ya pili ya mlima. Tulipanda gari la fundi jirani, anayefanya kazi karibu na gereji yetu, Fundi na mimi.

Moshi wa buluu ulikuwa bado umelala barabarani, umekataa kuondoka kwa sababu ya unyevu. Maziwa yalikuwa yanateremka kando ya lami yakichanganyika na tope. Mtindi alikaa kwenye majani, ameushika mkono wake wa kushoto kama mtoto mchanga, uso umekuwa majivu.

"Lilianza kunguruma lenyewe," alisema. "Nimetoa mguu, linapanda. Nimezima ufunguo, linapanda! Likapiga kelele kama limepagawa. Nikatia gia ya juu nikakanyaga breki ili injini ife. Imekufa. Lakini tairi zilishateleza."

Fundi alipiga magoti kwenye boneti, akapapasa, akaingiza mkono kwenye bomba la hewa. Ulitoka mweusi wa oili hadi kwenye kiwiko.

"Shafti ya turbo imekatika," alisema, si kwa mtu yeyote. "Oili imemwagika kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli ikianza kuchoma oili yake yenyewe, haimsikilizi tena dereva."

Kisha alisimama aende kwa Mtindi. Kati yao palikuwa na mtaro, upana wa hatua mbili, mchana kweupe, kila mtu anauona. Alitembea moja kwa moja akaingia ndani.

Watu wawili watatu walicheka. Mtindi hakucheka. Alimtazama rafiki yake aliyekuwa kiunoni kwenye tope na maziwa, akitafuta ukingo kwa mikono.

"Fundi," akauliza polepole, "huoni?"

Aliupata ukingo, akaushika. Nilisikia maji yakipita. Nilitaka mtu mwingine ajibu.

"Sioni," alisema mume wangu.

Na mimi nilikuwa nimemnusa pumzi.

Aprili 9

Mtindi amevunjika mfupa wa bega. Atapona, wamesema.

Fundi ameongea leo. Kwanza alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, mikono mapajani, kama aliyekuja kupimwa suti.

Mwaka mmoja na miezi miwili sasa anajua. Alikwenda hospitali ya macho peke yake, akaambiwa ni presha ya macho. Haiumi. Inakula kutoka pembeni kuja katikati, hivi kwamba sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe limeanza kuingia ukungu. Walimpa dawa ya matone. Aliificha kwenye sanduku la spana, akaitumia miezi miwili, akaiacha.

"Kwa nini?"

"Jicho halikuwa linauma. Na ungeiona."

"Kwa nini nisiione?"

"Ungeniambia nifunge gereji."

"Ningekutia dawa!" Nilipiga meza hadi sindano zikaruka. "Ningekutia dawa kila siku, mwanamume wewe! Mwaka mzima ungekuwa na macho!"

"Najua," alisema.

Akaniambia pia ya ramani. Hakuona hata mstari mmoja. Alichagua kwa kukumbuka gari jingine, la mtu mwingine, lenye injini kubwa zaidi. Na Mtindi alipokuja na habari ya kikohozi, alijua papo hapo ni nini. Angesema lifunguliwe, angetakiwa atazame tena ile karatasi mbele ya watu. Ndiyo maana akasema litazoea.

Nimeokota sindano moja moja. Nilizihesabu mara tatu ili nisimtazame.

Aprili 11

Daktari wa macho ni mwanamke mwenye sura changa kuliko binti yetu mkubwa. Alimpima kwa upole, kisha akanigeukia.

"Mama, kilichokwenda hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

"Kimebaki kiasi gani?"

Jicho la kulia, hakuna. La kushoto, alikunja kidole gumba na cha shahada akafanya kipete, akakiweka mbele ya jicho lake. Alipoona ninavyomtazama akakishusha haraka.

Dawa ni kila jioni. Namlaza kichwa mapajani, nafungua kope, natia tone. Linateremka shavuni, naye analiacha.

Aprili 15

Mke wa Mtindi alikuja na gauni.

"Sikuja kugombana, shemeji. Nipunguzie kiuno tu, nimekonda wiki hii."

Nilichukua utepe. Alinyoosha mikono, akasimama kimya huku nikimzungushia, kisha akauliza akitazama ukuta: "Ulijua?"

"Nilidhani anakunywa."

Alicheka, halafu machozi yakamtoka pamoja na kicheko. Tukacheka na kulia wote wawili. Nilifikiri yameisha.

"Ile siku mume wangu alikuja hapa," akasema, anajipangusa, "akaambiwa Fundi hayupo. Nani alimwambia?"

Ningeweza kumsingizia jirani. "Mimi," nikasema.

Aliutoa utepe kiunoni kwake mwenyewe, akaukunja vizuri, akauweka mezani. Alichukua gauni lake akaenda.

Aprili 17

Mvua toka alfajiri. Hakuja mteja.

Aprili 20

Mtindi kaja gereji, mkono umefungwa kifuani. Tulikuwa wote wawili, tunafagia. Fundi alimtambua kwa hatua. Akasimama kama mshitakiwa.

"Injini nitaijenga upya," alisema. "Fundi jirani atanisaidia. Turbo ichaguliwe na mtu mwingine."

"Simtaki mwingine."

"Mtindi, nimekuvunja."

"Umenivunja, ndiyo. Mke wangu hataki hata nilitaje jina lako." Alikaa juu ya tairi. "Lakini wengine wote hapa wana macho na hawazioni hizo ramani, wanakufungia chochote kilichoko kwenye rafu. Wewe unazijua. Ila safari hii sitaki kusikia 'nimeona'. Nataka shemeji aone, wewe useme."

Wote wakanigeukia. Mimi! Nashona magauni.

Aprili 24

Tumeifanya leo mchana, mezani kwangu, mvua ikipiga bati kiasi cha kupaza sauti. Nilitandaza karatasi ya ile turbo kubwa.

"Nieleze unachokiona."

"Mistari."

"Mistari gani? Mteja akikuuliza umeshona nini, unamjibu 'nguo'?"

Nikakaza moyo. Nikamwambia chini kuna namba zinazokwenda kulia, kilo za hewa kwa dakika. Ubavuni kushoto kuna namba zinazopanda, kutoka moja hadi tatu na nusu.

"Za chini ni hewa inayopita. Za kupanda ni turbo imeikaza hewa mara ngapi kuliko ilivyoingia. Mbili, maana yake mara mbili. Katikati je?"

"Miviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama fundo la ubao."

"Ndani kabisa ndipo turbo inapofanya kazi kwa raha. Kadiri unavyotoka nje, inakula nguvu na kupasha hewa moto tu. Sasa mstari wa kushoto kabisa."

"Unapanda huku umeinamia kulia. Kama mkato wa bega."

"Huo." Sauti yake ilishuka, nikasogea nimsikie. "Ukiwa kushoto kwa huo mstari, turbo inasukuma hewa ambayo injini haijaweza kuimeza. Hewa inarudi nyuma. Inasukumwa tena, inarudi tena. Ile fu-fu-fu ya Mtindi. Kila fu ni nyundo kwenye shafti."

Alipiga hesabu kwa kichwa, mimi nikiandika. Injini ya lita mbili na nusu. Gia ya tatu kwenye mwinuko, mizunguko elfu moja na mia nane. Hewa ikazwe mara mbili. Inahitaji kilo nne na kidogo kwa dakika. Nikatafuta nne na kidogo chini, mbili ubavuni, nikafuata kwa rula, nikatia nukta.

"Iko wapi?"

"Nje ya mstari."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

 Mvua iliongezeka, ikapungua, ikaongezeka.

"Mtu yeyote angeona," alisema.

Tukaifanya karatasi ya turbo ndogo. Nukta ya mwinuko na ya tambarare zilikaa vizuri, lakini akaniambia nitie na ya mlimani juu. Kule hewa ni nyepesi, turbo lazima ikaze zaidi kupata kilekile, kwa hiyo nukta inapanda hadi mbili na nusu na zaidi na kusogea kulia. Mtindi akikanyaga huko, nukta ya ile ndogo ilitoka nje upande wa kulia, ambako turbo imeshindwa kupitisha hewa zaidi hata ikizunguka vipi.

Ikabaki ya kati. Nilianza kuisoma, akanizuia.

"Hii ningependa kuiona mwenyewe."

Sikujua nifanye nini. Kisha nikakumbuka kile kigurudumu chenye meno ninachohamishia alama za pateni kwenye kitambaa. Nilibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, nikafuatisha mistari yote kwa nyuma, nikailaza kifudifudi juu ya blanketi, nikakiviringisha kigurudumu juu ya kila mstari. Upande wa mbele vikatokeza vinundu. Zile nukta tatu nikazitia fundo la uzi.

Nilimwekea mikono yake juu ya karatasi. Vidole vyake vina nyufa za oili ambazo sabuni haijawahi kuzifikia. Alianza pembeni, akaupata ule mstari wa kushoto, akapanda nao hadi juu, akashuka. Akaingia kwenye miviringo. Akazipata nukta, moja, mbili, tatu, zote ndani. Alirudi kwenye ile ya mwinuko, akapima kwa kidole umbali wake na mstari.

"Kumebaki nafasi ya mshono," nikamwambia.

Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mvua zianze.

"Miaka ishirini na sita," akasema, "hujawahi kuniuliza hizi karatasi ni za nini."

"Na wewe hujawahi kuniuliza mkato wa bega."

Hakuiondoa mikono. Nilimwacha nayo, nikaenda kuwasha jiko.

Mei 1

Daktari anasema presha imeshuka. Nilifurahi. Akasema kushuka hakurudishi kitu. Nilijua, lakini nilifurahi.

Mei 5

Injini inafungwa. Fundi jirani anakaza nati, Fundi anapitisha kidole kwenye kila moja baada yake.

Mei 13

Tumepanda mlima leo. Tangi lilijazwa maji badala ya maziwa. Mtindi aliendesha mwenyewe, mkono umefunguliwa juzi; mke wake hakuja kutuaga. Fundi alikaa katikati, mimi dirishani.

Pale kona ya pili palikuwa na mikwaruzo bado kwenye ukingo. Hakuna aliyeitaja.

"Gia ya tatu," akasema Fundi. "Usiongeze. Iache hapo hapo."

Gari lilishuka mwendo, likaanza kuvuta. Wote watatu tulikuwa tunasikiliza hadi Mtindi akasahau kufunga mdomo. Injini ilivuta, ikavuta, sauti moja tu, nzito, haikukatika. Hakuna fu hata moja. Tukaipita kona, tukaipita ya tatu, tukatokea juu.

Mtindi alisimamisha gari akapiga honi ndefu. "Hakuna kikohozi! Fundi! Limepona!" Alimkumbatia kwa mkono mmoja, akashuka kuangalia boneti kama mtu anayemchungulia mtoto mchanga.

Tulibaki wawili. Bonde lote lilikuwa wazi chini yetu. Fundi alikuwa ameelekeza uso kwenye kioo.

"Kuna mawingu," akauliza, "au ni mimi?"

Hakukuwa na wingu. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza baada ya siku nyingi, hadi linaumiza macho. Ningeweza kusema ni mawingu. Mwezi mzima ningepata nafuu kwa neno hilo moja.

"Ni wewe," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Alinipapasa goti, akalipiga mara mbili taratibu, kama mimi ndiye wa kuliwazwa.

Mei 14

Sikuandika kitu cha maana. Nimeshona sare kumi na mbili.

Mei 22

Amesema anafunga gereji.

Mtindi alikuwepo, akapinga kwa nguvu zote. Nami nikapinga. Nikasema asubuhi nitashona, mchana nitakuja gereji kumsomea, kwani nimeshajua mstari wa kushoto na wa kulia, nitajua na mengine.

"Utayajua," alisema. "Una jicho la kazi kuliko wote niliowafundisha. Lakini nilimvunja rafiki yangu kwa sababu nilikataa kusema sioni. Nikibaki hapa nitaanza tena kujidanganya, polepole. Najifahamu."

"Basi nifundishe tu. Usifanye kazi, nifundishe."

"Mama, una wateja wako."

Nilijikuta nalia, na si kwa ajili ya macho yake, Mungu anisamehe. Nalilia gereji. Nguo zake zenye oili nimezifua tangu nikiwa bibi harusi, nikizilaani, na sasa ndiyo nimepata kujua mikono iliyomo ndani yake ilikuwa inafikiri nini. Nimefika mlangoni nikakuta wanafunga.

Mei 26

Mke wa Mtindi alipita barabarani. Alinisalimia. Hakusimama.

Mei 30

Mvua imekatika siku ya nne leo. Njia bado ina madimbwi.

Fundi jirani amechukua gereji. Fundi alimkabidhi funguo, akamtajia kila spana ilipo bila kuigusa, rafu kwa rafu, na mwenzake alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akajipaka weusi asijue. 

Tulipotoka, Fundi akasema anataka kurudi nyumbani peke yake.

"Nimepita njia hii miaka yote. Acha nipite leo mwenyewe."

Nikamkubalia. Nikamwambia nina kitu cha kununua. Nilisimama hadi akaenda hatua ishirini, kisha nikavua viatu, nikamfuata peku, kimyakimya.

Alitembea amenyoosha mkono wa kulia kidogo tu, mtu asiyejua asingeuona. Aligusa ukuta wa kinyozi, akahesabu mlango, akakata kona. Aliingia kwenye dimbwi la kwanza akatoka. Mama muuza mkaa alimwamkia. Akasimama, akageukia upande usio sahihi, akamwitikia kwa heshima zote, amelielekea gari lililoegeshwa. Yule mama aliniona nyuma yake. Niliweka kidole mdomoni. Akaziba mdomo kwa kanga yake.

Dimbwi la pili lilikuwa refu, kutoka ukingo hadi ukingo. Alisimama mbele yake. Alijaribu kwa ncha ya kiatu, akarudisha mguu. Akajaribu pembeni, napo maji. Alikaa pale muda mrefu, watu wakiyaruka maji na kumpita kushoto na kulia, na mimi nyuma yake viatu mkononi, nimeuma mdomo, nimeahidi moyoni kwamba sitamwaibisha.

Hakugeuka.

"Miguu yako imeshapata baridi," alisema. "Njoo unishike."